Jibu: Kujiandaa kwa wikendi ya tamasha la mashabiki

Ndugu, umeuliza ujiandae vipi kwa siku 2 za tamasha lako la kwanza la mashabiki, yaani mkusanyiko wa wapenzi wa filamu, katuni na michezo ya video, ukiwa umevaa vazi la mhusika umpendaye. Ningeanza na viatu. Vaa vazi zima nyumbani kwa saa 3 mfululizo, upande ngazi, uketi, uende msalani, kwa kuwa kasoro nyingi hazionekani kwenye kioo. Mwaka wangu wa kwanza, soli ya buti niliyoibandika kwa gundi ya moto ilibanduka nikiwa foleni juani, maana gundi hiyo hulainika ikipata joto, nikaimaliza siku nimeifunga kwa utepe. Tangu hapo sitoki bila sindano, uzi na pini. Soma mapema kanuni za silaha za bandia, kwani waandaaji wengi hukataa chuma chenye makali na hukagua mlangoni. Katika ratiba chagua vikao 2 au 3 tu kwa siku, kwa sababu foleni ya kupata saini za wageni maarufu peke yake huweza kumeza asubuhi nzima. Maji na chaja ya akiba havihitaji maelezo. Usiku wa kuamkia tamasha ulale. Kama ukosi haujakamilika kushonwa, nenda bila ukosi.