Mshale kugeuka â†’ kwenye ratiba

Dada, nimekuelewa: ratiba ya matatu uliyoandika nyumbani, “Likoni → Ukunda”, ukiifungua kwenye saiba hapo Mwembe Tayari inatokea “Likoni â†’ Ukunda”. Usiiandike upya, faili ni zima.

Kompyuta haihifadhi mchoro wa mshale, huhifadhi namba. Katika Unicode, orodha ya namba za herufi na alama zote, mshale huo ni U+2192, na UTF-8, njia ya kuandika namba hizo kwenye faili, huuandika kwa baiti 3 (vipande vidogo vya data): E2 86 92. Kompyuta ya pale inazisoma kwa mfumo wa zamani, Windows-1252, ambamo kila baiti ni alama moja. Ndipo unapata â, † na ’. Lifungue faili upya, na ukiulizwa mfumo wa herufi chagua UTF-8. Tafadhali usibonyeze kuhifadhi kabla ya hapo, kosa litaganda humo humo.

Ukiona kisanduku kitupu, hilo ni jingine: fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi, haina mshale. Jaribu DejaVu Sans. Ikitokea “à”, huenda Word iligeuza --> kuwa mshale wa Wingdings, fonti ya michoro. Ufute, andika 2192 humo humo kwenye Word kisha bonyeza Alt na X.

La kuchapisha, peleka PDF yenye fonti ndani yake. Na kama umeshahifadhi na nakala ya kwanza huna, mpe fundi faili hilo kabla hujagusa kitu kingine.