Sato wa bwawa au perege wa Mtera? Acheni kuangalia rangi

Mleta uzi, mfikishie mama mkwe wako shikamoo zangu, ila kwenye hili la rangi kateleza.

Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa alinunua samaki watatu pale soko la Majengo, Dodoma, akaambiwa ni perege waliovuliwa bwawa kubwa la Mtera na akalipa bei ya Mtera. Alipofika nyumbani mama mkwe akawatazama, akasema hawa ni wa kufuga maana ni weusi. Jamaa anaongeza kwamba mikia ilikuwa kama imelika na tumboni kulikuwa na mafuta meupe. Anauliza kama kapigwa.

Mimi nafuga samaki huku Veyula, mwaka wa sita sasa. Nina mabwawa mawili ya udongo na moja nililotandika turubai la bluu, maji ya kisima. Kabla ya hapo nilikuwa nachukua mzigo Mtera naleta mjini. Kwa hiyo wa kufugwa na wa bwawa kubwa wote nimewashika, nimewapara na nimewala.

Rangi iko hivi. Mwaka juzi nilinunua vifaranga wa mkupuo mmoja, nusu nikawaweka kwenye bwawa la udongo, nusu kwenye turubai. Baada ya miezi minne wale wa udongo walikuwa weusi kama chini ya sufuria ya kuni, na wale wa turubai wameparara kama wameoshwa na jiki. Umri mmoja, chakula kimoja. Nikachukua watano weusi nikawahamishia kwenye turubai, na kabla ya wiki kuisha nikawa siwezi kuwatenga na wenyeji wao. Samaki huyu anajificha kwa kufuata rangi ya mahali alipo, basi. Na akishakufa akalazwa kwenye barafu rangi inafifia tena. Ukimtambua kwa rangi sokoni, umetambua sakafu ya bwawa lake.

Halafu nusu ya ubishi wa uzi huu ni watu kuchanganya samaki wawili. Wafugaji wengi tunafuga sato, yule asili yake mto Nile na maziwa ya huko. Perege wa asili wa bonde la Rufiji, ambalo Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera vimo ndani yake, ni ndugu yake lakini si yeye. Tandaza pezi la mkia. Sato ana mistari myembamba iliyosimama, imepangana kuanzia shina la mkia hadi ukingoni, na perege hana mpangilio ule. Mtu anaona mistari, anasema "huyu wa kufuga", kumbe ametaja kabila. Sato waliozaliwa na kukulia ziwani nao wana mistari hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye vinavyosaidia. Cha kwanza ni shingo. Wavuvi wengi wa Mtera wanatega nyavu za makila. Samaki anaingiza kichwa, mwili haupiti, anakabwa nyuma ya mashavu na kupigana humo usiku kucha. Asubuhi unamkuta na mstari shingoni, magamba yametoka na ngozi imevilia damu kidogo. Nilipokuwa nachukua mzigo Mtera, ndoo nzima ilikuwa na mikufu hiyo. Wangu nawavua kwa kukokota wavu wenye matundu madogo au kwa kupunguza maji, kwa hiyo shingo zinabaki safi. Ila angalia, aliyevuliwa kwa ndoana au dema (mtego wa kufumwa) naye hana mkufu. Ukiuona, una ushahidi. Usipouona, bado hujajua kitu.

Mapezi nayo yanasema. Wa kufuga wakibanana, wanatafunana na kujikwaruza. Ncha za mkia zinakuwa butu, pezi la mgongoni linachakaa, na kwenye mabwawa ya saruji hata pua inachubuka. Mara mojamoja utakuta kifuniko cha shavu kifupi, matamvua yanachungulia nje, au mgongo umepinda. Ziwani samaki kama huyo analiwa angali mdogo, kwangu anakua mpaka anafika sokoni.

Lakini kama unataka kesi iishe, pasua. Kuna mama lishe mmoja ninampelekea samaki kila Ijumaa. Mara ya kwanza alinipigia simu anafoka: "Baba, umeniletea samaki au nguruwe?" Nikaenda. Amempasua mmoja kwenye sinia, na utumbo wote umezungukwa na mafuta meupe, mazito, yanavutika kama ute wa bamia. Ini limepauka, lina rangi ya chai ya maziwa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nawashindilia pumba na mashudu ya alizeti kwa sababu ndivyo vilivyo rahisi huku kwetu, na samaki hana pa kukimbilia. Perege wa Mtera ukimpasua, ini ni jekundu la kukolea, mafuta ni machache, na ule utumbo wake mwembamba mrefu ajabu, ukiubinya, unatoa uji wa kijani cheusi. Ni mwani na matope aliyokuwa akichokonoa. Wangu akibinywa anatoa uji wa kahawia unaonuka pumba, au hatoi kitu, maana mfugaji anayejua kazi anawafungisha siku moja au mbili kabla ya kuvua. Utumbo mtupu kwa hiyo usikudanganye, mafuta hayafungi.

Na kama unanunua ndoo, tafuta mayai. Wengi tunanunua vifaranga waliolishwa homoni wiki tatu nne za mwanzo ili wote wawe madume, kwa sababu majike yakianza kuzaa bwawani unaishia na jeshi la vidagaa vyenye vichwa vikubwa na miili ya kidole. (Ndiyo jibu la yule aliyeuliza kwa nini wa kufuga "hawakui". Hao walizaana mpaka wakakosa chakula. Ongeza baridi ya Juni na Julai ya Dodoma, hawagusi hata pumba.) Ukipasua samaki ishirini wakubwa na hakuna hata mmoja mwenye mayai, yaelekea ndoo hiyo imetoka kwa mfugaji. Mimi niliwahi kuuziwa na dalali ndoo tatu "za Mtera, zimefika usiku", nikapara zote bila kuona yai hata moja. Nilinyamaza kwa aibu, mfugaji kuuziwa samaki wa kufuga!

Mdau aliyeweka picha ya yule konokono wa baharini, abaloni, nimeipenda sana. Kule Japani wanawalea wadogo kwenye matangi, gamba linatoka kijani kwa sababu ya chakula, kisha wanawaachia baharini. Wakianza kula mwani wa huko, gamba jipya linaota rangi ya kahawia, lakini ile kijani inabaki pale juu palipoanzia. Hata akivuliwa miaka baadaye, mvuvi anajua huyu alilelewa. Sisi tungepata samaki wa hivyo madalali wa Majengo wangehama mji. Gamba la samaki nalo lina mizunguko, lakini kwa macho tu halikuambii alikulia wapi, na likibanduka linaota jingine lisilo na mizunguko katikati.

Harufu ya tope sitaiweka kama kipimo. Inatokana na vijidudu vya majini na inaweza kumpata hata wa ziwani. Wangu nawahamishia kwenye tangi la maji safi siku tano bila chakula, inaisha.

Kwa hiyo, mleta uzi: mkia umelika, na mafuta meupe tumboni. Hao ni wa kufuga, na umelipia safari ya Mtera ambayo hawakusafiri. Mama mkwe kapatia jibu, ila njia aliyopita siyo. Siku nyingine mwambie muuzaji akupasulie mmoja hapohapo mezani kabla hujatoa hela. Akianza kukuuliza kwani una haraka gani, sogea meza ya pili.