Sare ya 2-2 ugenini imenigombanisha na kaka yangu

SWALI

Shikamoo Anti. Nakusoma siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Jina la timu yangu nakuomba usilichapishe, maana kaka yangu naye anausoma ukurasa huu na ni shabiki wa timu hiyohiyo.

Juzi tulikuwa ugenini, robo fainali, mkondo wa kwanza. Mpaka dakika ya 70 tunaongoza 2-0, na wala hatukubahatisha, mpira tulikuwa tunaupiga sisi. Kocha akamtoa winga aliyekuwa anawasumbua upande wa kushoto, akaingiza beki wa kati wa tatu. Kuanzia hapo hatukuvuka tena mstari wa katikati. Dakika ya 78 wakapata kona, bao. Dakika za majeruhi ikaja krosi, kipa wetu akatoka akaukosa mpira, bao. 2-2.

Kaka akapiga makofi, akasema sare ya ugenini Ulaya ni ushindi, tena tuna mabao mawili ya ugenini mkononi. Nilimjibu vibaya, maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, nikatoka nikabamiza mlango. Hatujazungumza tangu hapo. Usingizi sina. Nikifumba macho namwona yule kipa amenyoosha mikono hewani na mpira umeshampita. Nimeapa marudiano siyatazami.

Naomba unijibu, nani kati yetu ana haki? Na haya mabao mawili yatatusaidia?

Mdogo Mtu

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la pili. Hayo mabao yataingia kwenye jumla kama mabao mengine yoyote, uzito wa ziada hayana. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta kanuni ya bao la ugenini (jumla ikiwa sawa, aliyefunga mengi ugenini ndiye anapita) Juni 2021, na tangu msimu wa 2021/22 haitumiki tena. Zamani, baada ya 2-2 kwao, sare ya 0-0 au 1-1 kwenu ingetosha kuwavusha. Leo sare yoyote nyumbani inawapeleka kwenye dakika 30 za nyongeza, na ikibidi penalti. Kwa hiyo hapo kaka yako amekosea.

Ila usimwone mjinga. Hilo neno la kwamba sare ya ugenini ni ushindi hakulitunga yeye, sisi wakubwa ndio tuliomlea nalo, na lilikuwa na sababu zake. Mwaka 1965, robo fainali ya Kombe la Ulaya, Liverpool na Köln walitoka 0-0 mara mbili, wakapelekwa Rotterdam kucheza ya tatu, ikaisha 2-2. Liverpool wakapita kwa kura, hivihivi, timu nzima imesimama uwanjani inangoja kitu kilichorushwa hewani kianguke upande gani. Msimu uliofuata bao la ugenini likaanza kuhesabiwa, kwanza katika Kombe la Washindi. Lilikusudiwa pia kumpa mgeni sababu ya kushambulia badala ya kukaa golini kwake.

Halafu kuna PSV Eindhoven wa 1988. Robo fainali walitoka 1-1 kwa Bordeaux, wakarudi nyumbani 0-0. Nusu fainali 1-1 kwa Real Madrid, nyumbani tena 0-0. Fainali pale Stuttgart 0-0 na Benfica, wakashinda kwa penalti 6-5. Mechi tano za mwisho hawakushinda hata moja ndani ya dakika 90, na kombe wakalibeba. Mtu aliyekua akisikia habari kama hizo, ukimwonyesha 2-2 ya ugenini lazima apige makofi.

Kilichobadilika ni kwamba ugenini si kule tena. UEFA ilipoifuta kanuni ilitoa hesabu zake: tangu katikati ya miaka ya 1970, ushindi wa wenyeji ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 ya mechi hadi 47, na wa wageni umepanda kutoka 19 hadi 30. Waliona pia kwamba wenyeji wa mkondo wa kwanza walikuwa wanaogopa kushambulia, wasije wakafungwa bao lenye uzito wa mawili. Mimi nilikuwa naipenda ile kanuni, na siku ilipofutwa nilihuzunika. Lakini hoja yao niliielewa.

Sasa tuje kwenye kinachokunyima usingizi, maana si kanuni.

Mimi ni Chelsea. Aprili 28, 2009 tulikwenda Barcelona, nusu fainali, tukatoka 0-0. Sebuleni kwetu ilikuwa sherehe. Marehemu baba alinishika bega akaniambia kazi imekwisha. Wiki moja baadaye, nyumbani, Essien akapiga lile shuti la mguu wa kushoto dakika ya tisa, tukaongoza mpaka dakika za majeruhi. Dakika ya 93 Iniesta akasawazisha. 1-1. Tukatolewa bila kufungwa katika mechi hata moja, kwa bao la ugenini, na ile 0-0 tuliyoisherehekea ndiyo iliyotumaliza, kwa sababu kule hatukupata hata bao moja. Baba alizima televisheni, na hatukusemezana mpaka asubuhi.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 24, 2012, uwanja uleule wa Barcelona. Tulikwenda na bao moja la nyumbani. Tukafungwa la kwanza, Terry akapewa kadi nyekundu, tukafungwa la pili, yote kabla ya mapumziko. Ramires akarudisha moja kwa kumdokolea kipa mpira juu ya kichwa. Kipindi cha pili Messi akapiga penalti ikagonga mtambaa panya. Dakika za majeruhi Torres akakimbia peke yake nusu nzima ya uwanja, akamzunguka kipa, akatumbukiza. 2-2, jumla 3-2, na mwezi uliofuata tukachukua kombe Munich. Namba hizohizo unazozilaani wewe leo, 2-2, mimi nikizisikia hadi leo moyo unaruka.

Nakusimulia haya kwa sababu hapa ndipo nakupa haki wewe. Kaka yako anaisoma sare yenu kwenye ubao wa matokeo. Wewe umeitazama ikitengenezwa, na ukaona imetengenezwa na hofu. Timu iliyotoka nyuma 2-0 ikapata 2-2 na timu iliyoachia 2-0 ikaambulia 2-2 zinaandikiwa matokeo yaleyale, lakini haziendi kwenye marudiano na vichwa vilevile.

Nayo mabadiliko ya dakika ya 70, kwa jinsi ulivyoyaeleza, nayalaumu nawe. Winga anayesumbua ni mlinzi pia, wengi hawalioni hilo. Maadamu yupo, beki wa pembeni wa wapinzani anafikiri mara mbili kabla ya kupanda. Ukimtoa, yule beki anakuwa huru, anapanda, anapiga krosi moja baada ya nyingine. Na beki wa kati wa tatu hazuii krosi kupigwa, anangoja tu ifike. Sisi 2012 tulijilinda kuliko ninyi, watu kumi, Drogba mzima amerudi kukaba kama beki wa pembeni. Tulipaki basi na sioni haya kusema hivyo. Ila kila tulipoupata mpira palikuwa na mtu wa kukimbia nao, kwanza Ramires, mwishoni Torres. Ninyi mlimtoa wa kukimbia nao, basi kila mpira mlioubutua ulirudi. Zikirudi kumi, moja itamkuta mtu amesinzia.

Kuhusu kipa, mwanangu, mwondolee huo mzigo. Alitoka kufuata krosi katikati ya msitu wa watu, na nusu ya watu hao walikuwa wenzake waliorundikwa mbele yake. Alaumiwe kwa hatua zake mbili, sawa. Dakika ishirini za kuzingirwa si zake.

Kuhusu kiapo chako cha kutotazama marudiano, hapo sikuungi mkono hata kidogo. Hesabu yako ya hasira inasema mmefungwa, na hamjafungwa. Mnaanza upya, jumla 2-2, kwenu, mashabiki wenu, na hata zikija zile dakika 30 zitachezwa kwenye nyasi zenu. Wapinzani wenu nao juzi walilala wakijua kwamba kwa dakika 70 hawakuwa na jibu. Ungeniambia kabla ya safari kwamba mtarudi na sare, ungeipokea kwa mikono miwili. Na usisahau mlipata mabao mawili kwa kucheza, kwenye uwanja wa watu. Hiyo ndiyo timu inayorudi nyumbani.

Kaka yako muombe radhi leo, usingoje siku ya mechi, maana ukingoja matokeo yatawaingilia. Na usimwombe radhi kwa sababu ya kanuni, kwani kwa kanuni uko sahihi. Muombe radhi kwa yale maneno na kwa ule mlango. Nadhani alipiga makofi kwa sababu alikuona umeshika kichwa, akatafuta neno la kukuinua, akapata lile la zamani. Baba yangu alipozima televisheni ile usiku wa 2009 nilidhani ana hasira na mimi kwa kuwa nililia. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba hakutaka nimwone analia yeye.

Mkikaa tena pamoja, kikosi kikitangazwa, mwonyeshe kama yule winga wa kushoto ameanza. Halafu mtazame beki wao wa pembeni dakika kumi za mwanzo. Akibaki nyuma, mwambie kaka ndicho ulichokuwa unajaribu kumwambia ile siku.