Maswali ya Wasomaji: Takwimu za kichocho shuleni

Swali: Ninasoma afya ya umma chuoni hapa Kisumu. Muhula ujao naenda atachimenti, na nimeambiwa nitachambua matokeo ya upimaji wa kichocho na minyoo katika shule za msingi za kando ya ziwa. Choo kilipimwa kwa njia ya Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, slaidi mbili kwa kila mtoto. Nianze na grafu gani?

Jibu: Grafu ziache kwanza. Faili asilia usiiguse. Fanyia kazi nakala, na kila unachobadilisha ukiandike kando pamoja na sababu. Kisha tafuta visanduku vitupu, maana hivyo ndivyo huleta balaa.

Kiolezo cha Kato-Katz, kile kibao chenye tundu la kupimia, hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana mayai huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Slaidi mbili hutafutiwa wastani kabla ya kuzidisha. Kwa kichocho cha tumbo, mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ni ya kadiri, 400 na zaidi ni makali. Tuseme slaidi ya kwanza ina mayai 6 na ya pili haikusomwa: mtoto ana mayai 144 kwa gramu, maambukizi ya kadiri. Aliyeingiza data akijaza sufuri palipokuwa wazi, wastani unashuka hadi 3, jibu linakuwa 72, na mtoto amehamia kundi la wepesi bila kumeza hata kidonge. Pekua fomu za karatasi mwenyewe. Usimuulize mtu anakumbuka nini.

Minyoo ya safura ina shida yake. Mayai yake huyeyuka machoni slaidi ikikaa, hivyo husomwa ndani ya saa moja baada ya kutayarishwa. Ukiona shule ya mbali haina safura kabisa, linganisha saa ya kutayarisha na saa ya kusoma kabla ya kuwapongeza walimu.

Asilimia ya walioambukizwa hugawanywa kwa waliopimwa, si kwa walioandikishwa. Walioandikishwa ni wa hesabu nyingine, ile ya waliomeza dawa, na hiyo inaweza kupita 100 kwa sababu watoto wasiosoma shuleni hapo pia huja siku ya dawa.

Usichanganye shule zote ukatoa asilimia moja. Konokono wanaoeneza kichocho hawakai kila mahali. Shule ya ufukweni na ile ya bara zinaweza kupishana mno, na wastani wao hauielezi hata moja. Tena watoto wa shule moja huoga maji yaleyale, kwa hiyo watoto 500 wa shule 10 hawana uzito wa watoto 500 waliochaguliwa mmoja mmoja. Iambie programu yako kwamba shule ndiyo kundi, la sivyo itakupa uhakika usiokuwepo.

Swali: Naweza kubeba faili kwenye laptop yangu?

Jibu: Si yenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Omba nakala yenye namba badala ya majina, na orodha ya kuoanisha namba na majina ibaki kwa msimamizi. Ukitaka kuitumia kwa tasnifu, tafuta kwanza idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti. Kuondoa majina pekee hakutoshi: darasa la tatu likiwa na msichana mmoja tu wa miaka 15, jedwali la umri na jinsia limeshamtaja. Unganisha miaka katika makundi ya umri kabla ya kuchapisha.