Kabla hujanunua hiyo projekta: ZIMA SAUTI

Usinunue. Hata hiyo pesa usiitoe benki kwanza. Mkuu umeandika kwamba shule imepata laki nane, unataka projekta na flashi ya video za sayansi kwa kidato cha kwanza na cha pili, na unauliza projekta ipi, video zipi, vipindi vingapi kwa wiki. Naanza na video, maana hasara iko huko. Projekta mbovu inakula pesa tu. Video ukiiacha ifundishe peke yake inakula muhula mzima.

Kanuni ni moja. Zima sauti. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza M, halafu ongea wewe.

Mtoto wa kidato cha kwanza wa shule ya kata ametoka kusoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi. Leo unamwekea Mmarekani anayeongea kama anakimbizwa, dakika kumi na mbili, na muziki juu. Darasa litatulia tuli, na utulivu huo ndio unaodanganya. Waambie waandike sentensi tatu za walichokiona, utaletewa "tumeona mshumaa". Wale mabwana wa semina waliotuambia mwalimu wa kisasa ni msimamizi tu, "bonyeza pleyi watoto wajifunze", sijui walifundisha darasa gani la watoto themanini. Tulipiga makofi, ndiyo. Soda zilikuwa baridi.

Chukua video ya mshumaa ndani ya sahani ya maji, unaofunikwa kwa glasi. Zimejaa mtandaoni, na nyingi zinatamka bila haya kwamba maji yamepanda kwa sababu oksijeni, moja ya tano ya hewa, imeisha. Si kweli. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado ipo nyingi mle ndani, na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye moto inajaza sehemu ya pengo. Kazi kubwa imefanywa na joto: hewa ilitanuka, nyingine ikatoroka chini ya ukingo wa glasi (tazama mapovu!), kisha moto ulipozimika iliyobaki ikapoa na kusinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji yaingie. Ukiwa umeacha sauti, umeshawamezesha kosa, na kulitoa kichwani kwa mtoto ni kazi kuliko kufundisha upya.

Sasa fanya hivi. Video iwe dakika mbili, tatu mwisho. Icheze bila sauti hadi mwali unapoanza kufifia, bonyeza upau wa nafasi, isimame. Uliza: maji yatapanda, yatashuka au yatabaki hapo hapo? Kila mtu AANDIKE kwenye daftari, na sababu. Usiwaambie wanyooshe mikono, wote watamfuata yule kinara wa mbele. Wape dakika mbili, kisha endelea kwa kubonyeza E, picha moja moja, waone wenyewe kwamba maji yanapanda kwa kasi moto ukishazimika. Neno la Kiingereza la kutanuka liandike ubaoni wakati huo huo, kwa kuwa NECTA, baraza la mitihani, hawatawauliza kwa Kiswahili.

Halafu zima mashine. Sahani, maji ya kina cha sentimita moja yenye matone ya wino, glasi, mshumaa mmoja uliosimikwa kwa nta yake. Pima maji yamepanda kiasi gani. Rudia kwa mishumaa mitatu, glasi ile ile. Hewa ni ile ile, oksijeni ni ile ile, lakini maji yanapanda zaidi. Hapo mtoto wa nyuma kabisa atakwambia mwenyewe kwamba tatizo ni joto. Kipindi cha dakika arobaini kinatosha ukiwa umepanga vifaa mapema.

Na video zinakata sehemu za hatari. Ile ya kupima wanga kwenye jani huruka haraka hatua ya spiriti. Spiriti haichemshwi juu ya moto: testitubu inaingia kwenye kopo la maji yaliyochemka, na jiko limeshazimwa. Hili lisemee wewe, kwa sauti yako.

Projekta, haya. Boksi likiandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 8,000 na bei ni ya simu ya kawaida, hizo si lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu rasmi. Darasa lenye madirisha bila mapazia linataka ANSI 3,000 kwenda juu, la sivyo utaonyesha kivuli cha kivuli. Badala ya projekta, tafuta runinga yenye USB, ukubwa utakaoutosha mfuko, igawe darasa makundi mawili: moja linatazama, moja liko kwenye sahani, kisha wanabadilishana. Flashi iumbizwe (format) kwa FAT32, video ziwe MP4, na kila faili chini ya GB 4, maana FAT32 haipokei kubwa zaidi. Muuzaji wa projekta akibisha habari za mwanga, mwambie aiwashe hapo dukani saa sita mchana, mlango wazi.