Usiku mmoja kabla ya ndege ya Bologna: nenda Ravenna, ukalale huko huko

Mkuu, umeuliza: una mchana mmoja na usiku mmoja kabla ya ndege yako ya jioni kutoka Bologna, uende Venice au Florence? Wadau wengi hapo juu wamekujibu Venice. Mimi nakuambia nenda Ravenna, mji mdogo wa Italia ulio mashariki ya Bologna. Nilisoma Bologna, na Ravenna nimeenda peke yangu na nimepeleka wageni kutoka nyumbani, kwa hiyo nazungumzia kitu ninachokijua na ninachokipenda.

Usafiri hauna shida. Treni ya mkoa kutoka Bologna Centrale inachukua saa moja na robo hivi, na bei yake haipandi hata ukikata tiketi dakika za mwisho. Ukinunua ya karatasi, igonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, vinginevyo utapigwa faini. Ukishuka, katikati ya mji ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hotelini watakudai pasipoti. Hiyo ni sheria kwa kila mgeni, usidhani wamekushuku.

Sasa kwa nini Ravenna. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia huko makao ya Dola ya Kirumi ya Magharibi, kwa sababu mji ulizungukwa na vinamasi na bandari ya Classe ilikuwa jirani. Dola ikaanguka mwaka 476. Akaja Theodoric, mfalme wa Wagothi, kisha mwaka 540 majeshi ya Justinian, Kaisari wa Dola ya Kirumi ya Mashariki (Bizanti), yakauteka. Kila aliyeingia alijenga, na majengo manane ya enzi hizo yameingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1996. Kwa nje ni matofali tu, unaweza kupita bila kugeuza shingo. Mambo yote yako ndani, kwenye mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vya kioo na mawe vilivyopachikwa ukutani.

Mchana wa kwanza anza na kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547. Pembeni mwa madhabahu Justinian amesimama upande mmoja na mkewe Theodora upande wa pili, kila mmoja na watu wake. Wenyewe hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Picha ndiyo iliyotawala kwa niaba yao. Usisimame mahali pamoja. Vipande vya kioo vimepachikwa kwa mshazari, kila kimoja kimeelekea upande wake, kwa hiyo ukisogea hatua mbili dhahabu inazimika hapa na kuwaka pale. Kamera ya simu haikamati hilo hata ufanyeje.

Hatua chache kutoka hapo kuna kijengo kiitwacho kaburi la Galla Placidia, dada yake Kaisari Honorius, ingawa yeye alifia Roma mwaka 450. Weka saa yako ya kuingia mtandaoni mapema, maana ni padogo na watu wanaingizwa wachache kwa dakika chache tu. Tulia kwanza mlangoni macho yazoee giza. Mwanga unapenya kwenye madirisha ya alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, na taratibu dari la buluu lenye nyota linajitokeza juu yako.

Lakini kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu, ningechagua Sant'Apollinare Nuovo, kanisa alilolijenga Theodoric. Watu huingia, wanatazama msafara wa mabikira na mashahidi ukutani, wanatoka. Wewe nenda ukautafute mchoro wa jumba la mfalme, ukutani mkono wa kulia, karibu na ulikoingilia. Katikati ya nguzo kumening'inia mapazia meupe. Zamani palikuwa na watu hapo, mfalme na wakuu wake kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoamini. Wagothi walikuwa Wakristo wa Kiario, dhehebu lililoamini Kristo hayuko sawa na Mungu Baba, na Wabizanti, yaani watu wa Justinian walioona huo ni uzushi, walipolichukua kanisa wakawaondoa watu wale na kuweka mapazia. Sasa tazama nguzo zenyewe kwa makini: kuna mikono imebaki! Kiganja hapa, kipande cha mkono pale, mwenye mkono hayupo. Mimi nimesoma vitabu vingi vya historia ya dola zilizopinduana, na sijaona ukurasa unaosema wazi hivyo.

Jioni ndiyo sababu ya kukuambia ulale. Wanaokuja kwa siku moja wanarudi Bologna, mji unabaki na wenyeji na baiskeli zao. Tembea hadi kaburi la Dante, yule mshairi mkubwa wa Italia. Florence walimfukuza mwaka 1302, akafia Ravenna mwaka 1321, na Florence walipoitaka mifupa yake watawa wakaificha. Ikaja kupatikana mwaka 1865. Hadi leo, kila Septemba, Florence ndio wanaoleta mafuta ya taa inayowaka kaburini. Kanisa la San Francesco, alikofanyiwa mazishi, liko hapo hapo, na chini ya madhabahu kuna chumba kilichojaa maji, samaki wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Hilo pitia kabla halijafungwa.

Chakula, kula piadina, mkate wa ngano bapa kama chapati zetu, ila unapikwa juu ya chuma cha moto bila mafuta, wanaukunja na jibini laini ya squacquerone na majani ya rucola. Waislamu mlio kwenye uzi huu, angalieni: unga wa asili unakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni iliyokandwa kwa mafuta ya zeituni, sehemu nyingi wanayo.

Asubuhi panda treni kituo kimoja tu hadi Classe, ukaone Sant'Apollinare la huko, la mwaka 549. Juu ya madhabahu ni bustani ya kijani, kondoo, miti na ndege, na asubuhi kanisa huwa karibu tupu. Kisha rudi uchukue mzigo wako na treni ya mchana. Kutoka Bologna Centrale, treni ndogo iitwayo Marconi Express inakufikisha uwanja wa ndege ndani ya dakika kumi. Taja mwezi unaosafiri nikushauri mpangilio, kwa sababu wakati wa baridi makanisa yanafungwa mapema na San Vitale itabidi uiwahi.