Maumivu ya Matiti Makubwa ni Sababu ya Kutosha

Msomaji mmoja ameniandikia kuomba ushauri. Kamba za sidiria zimemchimba mabega, shingo humuuma kila jioni, na daktari amekwisha kumweleza kuwa anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti. Lakini dada yake mkubwa anamwambia kwamba anayekubali kukatwa kile alichojaliwa na Mungu hana shukrani. Maneno hayo nayajua, kwa kuwa niliambiwa mimi pia, na ingawa makovu yangu yamekwisha kufifia, maneno yale yananichoma hadi leo.

Uzito huo niliubeba tangu usichana. Wakati wa joto ngozi iliyo chini ya maziwa ililoa jasho, ikachubuka na kutoka vipele, hata nikawa nakunja kitambaa cha pamba, nakipachika kati ya titi na mbavu, na kujificha chooni mchana ili nikibadilishe. Kukimbia sikuweza, wala kulala kifudifudi. Daktari wa kwanza niliyemwendea aliniambia nipunguze mwili, bila hata kunipima. Nilipungua kweli: uso ulikonda, mifupa ya mabega ikatokeza, matiti yakabaki vilevile. Titi halikuundwa kwa mafuta peke yake. Lina tezi za maziwa na tishu zinazozishikilia, na kwa baadhi ya wanawake hizo ndizo nyingi, nazo haziyeyuki kwa kujinyima chakula. Laiti ningeelezwa hivyo mapema, nisingejilaumu kwa miaka yote ile.

Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi aliyenipokea baadaye alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama navuta sigara, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na inaweza kusababisha ngozi au chuchu kufa baada ya upasuaji, hivyo mvutaji hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla na baada. Aliniuliza pia kama katika ukoo wetu kuna watu ambao makovu yao huvimba na kuwa manene. Kisha akanichorea: mkato huzunguka duara jeusi la chuchu, huteremka wima, halafu hufuata mkunjo wa chini ya titi, mfano wa nanga. Kwa kawaida chuchu haiondolewi. Hupandishwa juu ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Kazi hiyo hufanywa mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi, na mara nyingi huchukua saa 2 hadi 4.

Nilipozinduka nilihisi kifua kimebanwa na kinawaka moto, lakini shingo ilikuwa nyepesi, na wepesi huo niliutambua kabla hata sijafumbua macho vizuri. Siku za mwanzo mdogo wangu ndiye aliyenichana nywele na kunivisha, kwa maana mikono haikuinuka kupita mabega. Nililala chali, nimeegemea mito, na sidiria maalumu ya kubana nikaivaa usiku na mchana. Kubeba mtoto au ndoo ya maji ni mwiko kwa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo asiye na msaidizi na amtafute kwanza, ndipo apange tarehe.

Baadaye, pale mkato wa wima unapokutana na ule wa mlalo, kidonda changu kilifunguka kidogo. Nililia nikidhani nimeharibika. Muuguzi alinieleza kuwa hapo ndipo ngozi inapovutwa zaidi na damu hufika kwa shida, na kwamba wengi huwatokea hivyo; tulikisafisha na kukifunga bandeji hadi kikajifunga chenyewe. Jambo hilo lilivumilika. Yasiyongojewa hata saa moja ni haya: titi moja kuvimba ghafla na kukaza kuliko jingine, homa, usaha, chuchu kuwa nyeusi, mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kubana. Ukiona mojawapo, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Sehemu fulani za ngozi yangu bado zina ganzi, na makovu yalichukua zaidi ya mwaka kupoa wekundu. Hata hivyo nasimama wima, nakimbia, na najivunia uamuzi wangu. Wanawake wenzangu, acheni kuomba radhi kwa sababu mnaumwa! Anayekuita mtovu wa shukrani habebi uzito huo kwa niaba yako hata siku moja, na shukrani kwa Mungu haipimwi kwa mgongo uliopinda.

Swali la mwisho la msomaji wangu lilihusu kunyonyesha, kwa kuwa bado hajazaa. Baada ya upasuaji huu wapo wanaonyonyesha vizuri na wapo wanaopata maziwa machache, kwa sababu baadhi ya mirija ya maziwa huenda ikakatwa. Na pale chuchu inapolazimika kuondolewa kabisa na kupandikizwa upya, kama inavyotokea kwa matiti makubwa mno, kunyonyesha hakuwezekani tena. Mimba nayo inaweza kuyakuza upya. Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujatia sahihi fomu ya ridhaa, mwambie daktari waziwazi kwamba unataka watoto, umuulize chuchu yako itabaki imeshikamana na nini, na kama unatarajia kushika mimba karibuni, jadiliana naye kama ni afadhali kusubiri hadi utakapomaliza kunyonyesha.